Kesi ya Ngedere, Hakimu Nyani: Kifo cha Koitalel arap Samoei

Kila mwaka wanafunzi wetu wa historia hukariri sababu zilizowafanya Wanandi wapambane na Waingereza kwa muda wa miaka kumi, kuanzia 1895 hadi 1905. Hutaja ardhi, mifugo, reli na fahari ya watu ambao hawakuwa wamezoea kushindwa. Wakifika kwenye kifo cha Koitalel arap Samoei, huandika sentensi moja tu kwamba aliuawa na afisa Mwingereza, kisha hugeuza ukurasa. Mimi ni mwalimu hapa Roret, katika nchi ya majani chai ya Bureti, na kwa maoni yangu sentensi hiyo moja ilistahili kuwa somo zima. Kifo kile kilichunguzwa, tena si mara moja bali mara tatu. Namna kilivyochunguzwa inatufunza juu ya haki kuliko orodha yoyote ya sababu na matokeo.

Huenda msomaji akashangaa kwamba mtu wa Bureti anajishughulisha na kiongozi wa Wanandi, waliokuwa ng'ambo ya bonde la Nyando. Asishangae. Wanandi na Wakipsigis ni ndugu wa lugha na wa jadi, na nyumba aliyozaliwa Koitalel ndiyo iliyowapa Wakipsigis wa Kericho viongozi wao wa kiroho. Damu iliyomwagika kule Nandi ilitiririka hadi kwetu, kama nitakavyoeleza.

Koitalel alizaliwa yapata mwaka 1860, mwana wa Kimnyole arap Turukat wa ukoo wa Talai. Kimnyole alikuwa orkoiyot wa Wanandi. Orkoiyot hakuwa mfalme, wala hakutawala kwa amri kama machifu waliowekwa na serikali baadaye. Alikuwa mwaguzi na mbariki. Vijana hawakwenda vitani bila idhini yake, na wazee walimsikiliza katika mambo ya mvua, magonjwa na ngawira. Masimulizi yanamkumbuka Kimnyole kuwa ndiye aliyetabiri kuja kwa wageni weupe na kwa nyoka wa chuma atemaye moshi, utabiri ambao wengi waliuona umetimia reli ilipopita.

Basi huyo Kimnyole hakufa kwa maradhi wala kwa uzee. Mnamo 1890 Wanandi wenyewe walimpiga kwa marungu hadi kufa, wakimtwika lawama ya njaa, maradhi ya mifugo na kushindwa kwa vijana wao vitani. Natangulia kulitaja jambo hili kwa makusudi, ili mtu asidhani kwamba nimekuja kuwapamba wazee wetu na kuwapaka matope wageni peke yao. Kimnyole alihukumiwa na umati uliokuwa na njaa na hasira, na kosa lake halikuwa na shahidi. Baadaye watu walijuta, wakayaona masaibu yaliyofuata kuwa ni malipo ya damu ile. Koitalel, aliyekuwa kijana wakati huo, alianza utu uzima wake akiwa mwana wa mtu aliyeuawa pasipo kesi.

Baada ya kifo cha Kimnyole, wanawe walishindania urithi. Upande mmoja ulimfuata Koitalel, na mwingine ukamfuata kaka yake, Kipchomber arap Koilege. Mzozo huo uliendelea hadi karibu mwaka 1895, Koitalel alipopata nguvu na Kipchomber akakimbilia kwa Wakipsigis, ambako alipokewa na kuwa orkoiyot wao. Hivyo ndivyo ukoo wa Talai ulivyopata makao Kericho.

Mwaka huo huo wa 1895 Uingereza ilitangaza himaya yake katika Afrika Mashariki, na mfanyabiashara Mwingereza aliyeitwa Peter West aliuawa na Wanandi. Serikali ilituma kikosi cha kuwaadhibu. Kikosi cha pili kilikuja 1897, cha tatu 1900, cha nne 1903. Kila mara Wanandi walipigana, wakapoteza watu na mifugo, kisha wakatulia kwa muda na kuanza upya. Reli ya kutoka Mombasa ilipofika Kisumu mwaka 1901 ikipita ukingoni mwa nchi yao, nyaya za simu zikawa mapambo ya wanawake na misumari ya reli ikafuliwa kuwa silaha. Koitalel ndiye aliyekuwa roho ya upinzani huo. Waingereza walikwisha kutambua kwamba wangali wana vita mbele yao maadamu yeye angali hai.

Ndipo tunapofika mwaka 1905. Serikali iliandaa kikosi cha tano, kikubwa kuliko vyote vilivyotangulia, chenye askari wa King's African Rifles zaidi ya elfu moja pamoja na wasaidizi wengi Wamaasai. Miongoni mwa maafisa waliokuwa Nandi alikuwamo Kapteni Richard Meinertzhagen, kijana wa miaka 27. Katika shajara yake mwenyewe, iliyochapishwa mwaka 1957, aliandika kwamba aliazimia kumkamata orkoiyot au kumwua, kwa kuwa alimwona kuwa chanzo cha fujo zote. Naomba mwanafunzi alitie jambo hilo akilini. Katika sheria ya mauaji, hatua ya kwanza ya mpelelezi ni kutafuta nia. Katika kesi hii nia iliandikwa kwa mkono wa mshukiwa mwenyewe.

Mkutano ulipangwa ufanyike tarehe 19 Oktoba 1905, saa tano asubuhi, kwenye kilima cha Ket Parak, karibu na mahali ulipo sasa mji wa Nandi Hills. Ulikuwa mkutano wa kuzungumzia amani, na kila upande ulitarajiwa kuja na watu wachache. Meinertzhagen alisogea mbele na wachache, lakini nyuma yake aliacha askari wapatao 80 wenye silaha. Muda mfupi baada ya viongozi hao wawili kukutana, Koitalel alikuwa maiti, na zaidi ya watu ishirini aliofuatana nao walikuwa wamelala chini pamoja naye. Siku mbili baadaye kikosi kikubwa kilianza kuipiga nchi nzima.

Kuhusu kilichotokea katika dakika zile chache, pana habari mbili. Meinertzhagen alidai kwamba alinyosha mkono kusalimia, Koitalel akaushika na kumvuta kwa nguvu, silaha zikarushwa kutoka upande wa Wanandi, naye na askari wake wakajitetea. Masimulizi ya Wanandi yanasema kinyume. Koitalel alikuja akiwa ameshika majani mkononi, ishara ya amani ambayo kila Mkalenjin anaijua, akanyosha mkono kwa salamu, na akapigwa risasi kwa karibu kabla hajauondoa. Kwa habari ya kwanza, ile ni kujikinga. Kwa habari ya pili, ni mauaji ya kukusudia yaliyofanywa kwa hila, chini ya kivuli cha mapatano.

Minong'ono ilienea upesi, hata miongoni mwa Wazungu wenyewe, kwamba afisa amemwua mtu aliyeitwa kwenye mazungumzo ya amani. Ilibidi jambo hilo lichunguzwe. Likaundwa baraza la uchunguzi la kijeshi, kisha jingine, kisha la tatu, ambalo lilimhusisha Brigedia Jenerali William Manning, mkaguzi mkuu wa jeshi lile. Mara zote tatu Meinertzhagen alionekana hana hatia. Hata hivyo, wakubwa wa serikali hawakutulia mioyo. Mwaka 1906 aliondolewa nchini na kurudishwa Uingereza. Hakufikishwa mbele ya hakimu wa kawaida, wala hakusomewa shtaka la mauaji. Alipanda vyeo, akapata sifa katika Vita Vikuu vya Kwanza, akafa mwaka 1967 akiwa mzee wa miaka 89.

Sasa na tuupime uchunguzi ule kwa mizani ya kawaida. Aliyeshukiwa alikuwa afisa wa jeshi. Waliomchunguza walikuwa maafisa wa jeshi lile lile, katika majira ambayo jeshi hilo lilikuwa bado linapigana na watu wa marehemu. Waliokuwa karibu na Koitalel walikufa pamoja naye, na maiti haitoi ushahidi. Wanandi wengine ambao wangeweza kusema lolote walikuwa wakikimbia na watoto wao misituni huku nyumba zao zikichomwa. Askari waliobaki hai walikuwa chini ya amri ya mtu aliyekuwa akichunguzwa. Wahenga walisema kwamba asiyekuwepo na lake halipo. Pia walisema juu ya kesi ya ngedere inayoamuliwa na nyani, na sioni mfano unaoifaa methali hiyo kuliko huu. Kuyakariri mabaraza yale mara tatu hakukuongeza uzito wa uamuzi wake, kwa maana chombo kilichopinda ukipimia mara tatu kitakupa kosa lile lile mara tatu.

Tatizo la pili ni shahidi mwenyewe. Kwa miaka mingi habari iliyosomwa zaidi ulimwenguni juu ya kifo cha Koitalel ilikuwa ile ya shajara ya Meinertzhagen, na watu waliiamini kwa sababu iliandikwa na kuchapishwa, ilhali ya Wanandi ilikaa midomoni mwa wazee. Lakini njia ya mwongo ni fupi. Mtu huyu alijulikana pia kuwa mtaalamu wa ndege, na alikuwa amekusanya maelfu ya ndege waliokaushwa ambao aliwakabidhi jumba la makumbusho la Uingereza. Katika miaka ya 1990 wataalamu walianza kuwachunguza ndege hao mmoja mmoja. Waliwapiga picha za eksirei, wakatazama jinsi ngozi ilivyoshonwa na kujazwa pamba, wakalinganisha na kazi za wakusanyaji wengine. Walikuta kwamba wengi walikuwa wameibwa kutoka makusanyo ya watu wengine na kubandikwa vibandiko vipya vyenye tarehe na mahali pa uongo.

Mmoja wao alikuwa bundi mdogo wa misitu ya India, ambaye Meinertzhagen alidai alimpata huko mwaka 1914. Bundi huyo alikuwa amekusanywa na mtu mwingine katika miaka ya 1880. Kwa miaka mingi waliomtafuta ndege huyo walipotezwa na kibandiko kile cha uongo. Walipokipuuza na kufuata ushahidi wa kweli, walimpata akiwa hai mwaka 1997. Mwaka 2007 mwandishi Mmarekani Brian Garfield alitoa kitabu kizima kinachoonyesha kwamba hata sifa nyingine za maisha ya afisa huyo zilikuwa za kubuni. Nasema kwa uchungu kwamba ngozi ya bundi wa India imepata uchunguzi wa haki kuliko kiongozi wa Wanandi.

Hapa sharti niwe mwangalifu, na nawasihi walimu wenzangu wawe waangalifu vile vile. Kwamba mtu aliiba ndege hakuthibitishi kwamba alimwua Koitalel kwa hila. Kunathibitisha jambo dogo zaidi lakini la maana: neno lake pekee halitoshi kuwa nguzo ya uamuzi. Vivyo hivyo masimulizi yetu nayo yapaswa kuulizwa maswali. Yamepita midomo mingi kwa zaidi ya miaka mia moja, na kila msimulizi huongeza chumvi yake. Husemwa kwa mfano kwamba kichwa cha Koitalel kilikatwa na kupelekwa Uingereza, na jamaa zake wamekuwa wakidai kirejeshwe. Dai hilo linastahili kutafutiwa ushahidi kwa bidii ile ile iliyotumiwa kwa bundi, si kudharauliwa, wala si kukubaliwa kwa sababu tu linatuuma. Tunajua kwa hakika kwamba fimbo zake tatu za uongozi zilichukuliwa na Meinertzhagen, zikakaa kwa familia yake, na zikarudi Kenya mwaka 2006. Yaani mali ya marehemu ilikutwa mikononi mwa mshukiwa miaka mia moja na mmoja baada ya tukio. Mpelelezi yeyote angekiita hicho kielelezo.

Uamuzi ule uliompa afisa nafasi ya kwenda zake ulikuwa na gharama kwa walio hai. Kikosi cha 1905 na 1906 kiliua Wanandi zaidi ya 1,000 na kunyakua ng'ombe wapatao 16,000 pamoja na maelfu ya mbuzi na kondoo. Wanandi walisukumwa mbali na reli, na sehemu ya ardhi yao ikagawiwa walowezi. Serikali ilijifunza kwamba orkoiyot anaweza kuondolewa bila mtu kujibu lolote mbele ya hakimu. Mwaka 1914 ilikuwa zamu ya Kericho: Kipchomber, yule kaka aliyekimbilia kwetu, alihamishwa pamoja na viongozi wengine wa ukoo wake, na akafia uhamishoni. Mwaka 1923 Barsirian arap Manyei, mwana wa Koitalel, alikamatwa Wanandi walipokuwa wakijiandaa kwa sherehe yao kuu ya kukabidhiana rika. Aliachiliwa 1964, baada ya Kenya kuwa huru, akiwa amekaa kizuizini zaidi ya miaka 40. Na mwaka 1934 ilitungwa sheria maalumu ya kuwaondoa Talai wa Kericho. Watu wapatao 700, wakiwamo akina mama na watoto, walipelekwa Gwassi karibu na Ziwa Victoria, nchi ya joto na mbung'o, wakakaa huko hadi karibu na uhuru. Hakuna mtoto kati yao aliyekuwa ameshtakiwa kwa kosa. Milima waliyoiacha ikazidi kufunikwa na mashamba ya chai ya makampuni.

Pengine mtu atasema kwamba hayo yalikuwa mambo ya ukoloni, na kwamba siku hizi tuna wapelelezi, madaktari wa kupasua maiti na maabara. Namkumbusha mwaka 1990. Dakta Robert Ouko, waziri wetu wa mambo ya nje, alitoweka nyumbani kwake Koru mwezi wa Februari, na maiti yake ikaonekana chini ya kilima cha Got Alila, imepigwa risasi na kuchomwa moto. Koru si mbali na Kericho, chini ya milima hiyo hiyo ya Nandi. Mara hii mahali pa tukio palikaguliwa, maiti ilichunguzwa na madaktari, na mpelelezi John Troon akaletwa kutoka Scotland Yard, akawahoji mashahidi wengi na kuandika ripoti. Tume ya majaji ikaundwa kusikiliza ushahidi hadharani. Kisha, Novemba 1991, kabla ya tume hiyo kumaliza kazi yake, Rais Moi aliivunja. Hakuna aliyewahi kupatikana na hatia ya kumwua Ouko.

Nimeziweka kesi hizi mbili bega kwa bega kwa sababu zinajibizana. Katika ile ya 1905 ujuzi ulikosekana na uhuru ulikosekana. Katika ile ya 1990 ujuzi ulikuwapo, na bado haki haikufika nyumbani kwa marehemu. Uchunguzi wa mauaji hutegemea akili ya mpelelezi, lakini hutegemea zaidi jibu la swali hili: anayechunguza anamwogopa nani? Ikiwa anamwogopa yule yule anayeshukiwa, au bwana wake, eksirei na maabara zote za dunia hazitamsaidia aliyekufa.

Mshukiwa wa Ket Parak ni marehemu, na hakuna mahakama iwezayo kumwita kizimbani. Lakini darasa laweza kuichukua kesi hiyo. Napendekeza kwamba mwalimu wa historia, badala ya kuwakaririsha wanafunzi sababu tano, awagawe makundi na kuwapa kesi ya Koitalel waichunguze. Kundi la kwanza lishughulike na mahali: mkutano ulipangwa wapi, na askari waliachwa umbali gani. La pili lishughulike na nia, lisome alichoandika mshukiwa kabla ya tukio. La tatu lipime mashahidi wote, Mwingereza na Mnandi, kwa mizani moja. La nne litazame vielelezo, zikiwamo zile fimbo tatu. La tano lichunguze wachunguzi wenyewe, lieleze nani aliwateua na nani angewaadhibu. Kisha darasa litoe uamuzi wake na kuutetea kwa ushahidi, si kwa kelele. Walio karibu na Nandi Hills waweza kwenda kuliona jumba la makumbusho lililojengwa kwa heshima yake.

Mwanafunzi atakayefanya zoezi hilo hatamsahau Koitalel, maana atakuwa amekaa naye kama mtu, si kama jibu la mtihani. Na kati ya wanafunzi wetu hawa wa Roret, Litein na Kapkatet watatoka polisi wa kesho, madaktari wa kesho na mahakimu wa kesho. Siku moja mmoja wao ataletewa jalada la mtu aliyeuawa, na kando ya jalada hilo kutakuwa na mkubwa anayependa lifungwe upesi. Nataka siku hiyo awe amekwisha kulisoma somo la Ket Parak, na ajue gharama ya kulifunga.